Saa Moja kwa Wiki

Asubuhi hiyo ya Mei 2020 nilikuwa nimekaa kwenye ukingo wa kitanda nyumbani kwangu mtaa wa Umoja, Nairobi, tableti iko juu ya meza ya kupigia pasi, kwa sababu meza ya sebuleni ilikuwa imejaa vitabu vya watoto. Shule zilikuwa zimefungwa tangu katikati ya Machi kwa sababu ya korona. Nilikuwa msimamizi wa wahojaji saba katika utafiti wa kaya wa serikali, na kila msimamizi alitakiwa kupiga simu chache mwenyewe ili asisahau jinsi maswali yanavyosikika kwenye sikio la mtu. Simu yangu ya nne ilipokelewa na mama mmoja wa mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Njenga.

Nilimsomea swali kama lilivyoandikwa: "Katika siku saba zilizopita, ulifanya kazi yoyote kwa malipo au kwa faida, hata kwa saa moja tu?"

Alinyamaza. Kisha akasema, "Kijana wangu, kazi gani? Mimi nafua nguo za watu. Nimekaa pale kona siku tano, mimi na wenzangu. Hakuna gari hata moja limesimama."

"Hata saa moja, mama?"

"Alhamisi kuna mwenye kibanda cha chakula alinituma maji. Mitungi minne. Akanipa shilingi 80."

Nilimuuliza ilimchukua muda gani. Pamoja na foleni ya mferejini, akasema, saa moja na kitu. Nikabonyeza "Ndiyo", na tableti ikaruka maswali ya wasio na kazi, ikanipeleka moja kwa moja kwenye yale ya wenye kazi: kazi ya aina gani, mwajiri ni nani, saa ngapi. Tulipomaliza akaniuliza, "Na hapo umeniandika nini?"

Ningeweza kukwepa. Nilimwambia ukweli: mwenye kazi.

"Mwenye kazi," akarudia polepole, kama mtu anayesomewa jina lake likiwa limekosewa kwenye kitambulisho.

Sikupiga simu nyingine mpaka saa sita mchana.

Nataka kuitetea kanuni ile kabla sijasema ilichonifanyia. Saa moja haikubuniwa na serikali ili ionekane imewaajiri watu. Imo katika azimio la wanatakwimu wa kazi lililopitishwa Geneva mwaka 2013 chini ya Shirika la Kazi Duniani, ILO, na wazo lenyewe ni la zamani zaidi ya hapo. Lengo lake ni kwamba kazi yoyote iliyozalisha kitu ihesabiwe, hata ikiwa ndogo kiasi gani, ili takwimu za kazi zilingane na takwimu za uchumi, na ili Kenya iweze kupimwa kwa kipimo kile kile cha Brazili au Ufilipino. Tukisema tutaanza kuhesabu kwenye saa kumi, mama huyu na mitungi yake minne anafutika kabisa katika hesabu ya wanaozalisha. Hilo nalo ni dhuluma.

Tatizo ni kwamba kanuni ile iliandikwa iende pamoja na swali la pili: ulifanya saa ngapi, na je, ulitaka kufanya zaidi? Katika mwaka wa kawaida watu wanaosoma ripoti huruka jedwali la saa na kwenda kwenye asilimia moja kubwa ya ukosefu wa ajira. Mwaka 2020, janga lote lilikuwa ndani ya jedwali la saa. Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alitangaza mgonjwa wa kwanza tarehe 13 Machi. Tarehe 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 6 Aprili Rais Uhuru Kenyatta akafunga njia za kuingia na kutoka Nairobi. Anayechoma mahindi jioni hakufutwa kazi na mtu yeyote. Alinyang'anywa jioni. Makanga aliendelea kufanya kazi, lakini matatu ilibeba zaidi kidogo ya nusu ya abiria. Kwa macho ya swali letu la kwanza, wote wawili walikuwa salama.

Kuna jambo jingine ambalo hata wenzangu waliosomea takwimu walichelewa kuliona, nalo ni neno "kazi" lenyewe. Mwulize mtu wa Nairobi, "Una kazi?" Mama mboga ambaye ameamka saa kumi usiku kwenda soko la Marikiti kwa miaka kumi na mitano atakujibu, "Sina kazi, mimi nauza tu mboga." Fundi wa viatu atasema, "Sina, nahasoli tu." Kazi, kwa masikio yetu, ni ile yenye barua, bosi na mwisho wa mwezi. Mengine ni vibarua, shughuli, kujitafutia. Kwa hiyo wakati wa mafunzo tuliwakataza wahojaji kabisa kuuliza "una kazi?" Waliuliza kama mtu alifanya shughuli yoyote ya kumwingizia pesa, kisha wataje mifano: kuuza kitu, kufua, kubeba mzigo, kusuka nywele, kusaidia kwenye duka la familia bila malipo. Nilisikiliza rekodi za simu nyingi, na mara kwa mara nilisikia "hapana" ikigeuka kuwa "ah, hiyo? Ndiyo" mara tu mhojaji alipofika kwenye kusuka. Mhojaji aliyechoka na kuiruka ile mifano alituletea mtaa mzima wa wasio na ajira ambao hawakuwepo. Nchini ambako juakali, yaani kazi zisizo rasmi, inabeba zaidi ya watu wanane katika kila kumi walioajiriwa nje ya kilimo kidogo, huwezi kuliacha hilo mikononi mwa uchovu wa mtu.

Na kutafuta kazi je? Ili uitwe asiye na ajira kwa kipimo kile kikali, lazima uwe huna kazi, uko tayari kuanza, na umetafuta katika wiki nne zilizopita. Mtu wa Nairobi anayetafuta kibarua hatumi barua. Anasimama kwenye malango ya viwanda, Industrial Area, saa kumi na mbili asubuhi, au anakaa kona na beseni lake. Ilibidi tuwafundishe wahojaji kwamba kukaa kona ni kutafuta. Lakini Aprili ile malango yalifungwa, na kwenye kona watu wenye magari walikuwa hawataki mgeni nyumbani kwao. Walioamua kubaki nyumbani, kwa sababu nauli ilikuwa ni kuitupa tu, walikoma kuwa wasio na ajira. Waliingia kwenye sanduku liitwalo "nje ya nguvu kazi", pamoja na wanafunzi na wazee waliostaafu. Maana yake ni kwamba ugonjwa unaweza kuifunga nchi na asilimia ya ukosefu wa ajira ishuke. Nilipolielewa hilo sawasawa nilianza kuogopa kazi yangu kwa namna ambayo sikuwahi kuiogopa.

Nije kwenye kosa langu.

Wiki ya kwanza mhojaji mmoja, msichana mdogo kuliko wote katika kundi langu na makini kuliko wote, aliandika kwenye kundi letu la WhatsApp kuhusu mwalimu wa shule ya kibinafsi huko Kayole. Shule imefungwa. Hajafutwa. Halipwi tangu Machi. Mkurugenzi amewaambia "tutawaita." Aandikwe nini? Nilikuwa nimechelewa kutuma ripoti ya siku, nikajibu haraka: kama hakuna barua ya kumwachisha, ana kazi ila hayupo kazini kwa muda. Akauliza tena, "Na kama hajui atarudi lini?" Nikamwambia tuendelee, tumebaki nyuma.

Wenzake sita walisoma jibu langu. Kwa siku nne wakaandika hivyo walimu, wahudumu wa hoteli waliopelekwa likizo bila malipo, madereva wa mabasi ya shule, wapishi wa mikahawa ya mjini. Nilipokagua data mwishoni mwa wiki, safu ya "ana kazi lakini hayupo" ilikuwa imevimba kuliko nilivyowahi kuiona, na sababu iliyochaguliwa mara nyingi ilikuwa "nyingineyo".

Kipimo kinasema hivi: mtu ambaye hayupo kazini anabaki mwenye kazi ikiwa bado ana uhusiano wa kweli na ile kazi, yaani analipwa, au anatarajiwa kurudi baada ya muda mfupi unaojulikana. Anayeambiwa "tutakuita" bila tarehe na bila senti moja hana uhusiano huo. Ana matumaini tu, na matumaini hayana safu kwenye hojaji. Yule mwalimu wa Kayole hakuwa mwenye kazi. Na kwa kuwa hakuwa akitafuta nyingine (angeitafuta wapi, shule zote zimefungwa?), hakuwa hata asiye na ajira. Kwa kipimo kile kikali alikuwa hayupo. Njia pekee ya kumwona ilikuwa kwenye hesabu pana, ile inayowajumlisha wanaotaka kazi na walio tayari ingawa hawatafuti.

Siku hizo hizo, tarehe 8 Mei, Idara ya Takwimu za Kazi ya Marekani ilitoa takwimu zake za Aprili: ukosefu wa ajira asilimia 14.7. Katika maelezo yao walikiri jambo ambalo nililisoma mara tatu. Wafanyakazi wengi waliopaswa kuhesabiwa kama walioachishwa kwa muda walikuwa wameandikwa kuwa wana kazi ila hawapo kwa "sababu nyingine", na kama wangehesabiwa inavyostahili, asilimia ingepanda kwa karibu pointi 5 zaidi. Wao pia walikuwa wamesimamisha ziara za nyumbani na kufunga vituo vyao vya simu, na kaya zilizojibu zilikuwa asilimia 70 hivi, chini sana ya kawaida yao. Ofisi yenye watu na pesa za kiasi kile iliteleza kwenye tope lile lile nililoteleza mimi kwenye meza ya kupigia pasi. Kilichonigusa zaidi ni walichofanya baadaye. Hawakuyabadilisha majibu. Waliyaacha kama yalivyorekodiwa, wakachapisha asilimia yao, na kando yake wakaeleza ukubwa wa kosa.

Mimi kishawishi kilikuwa mkononi. Ningeweza kufungua rekodi zile, nibadilishe tarakimu moja katika kila mstari, na hakuna ambaye angejua. Na ningekuwa na uhakika karibu wote kwamba nasahihisha. Lakini siku unapojipa ruhusa ya kubadilisha jibu la mtu kwa sababu unajua ukweli wake, kesho mkubwa wako atakuja na ukweli wake yeye. Niliandika kwa wakuu wa utafiti nikaeleza kosa ni langu, si la wahojaji. Kisha tukapiga simu upya, makumi ya simu, tukimuuliza kila mtu maswali mawili tu: unalipwa chochote? Umeambiwa utarudi lini? Baadhi hawakupokea tena. Hao wamebaki kama tulivyowaandika, na kando yao kuna maelezo. Yule msichana nilimwomba msamaha mbele ya kundi zima, kwa sababu swali lake la pili lilikuwa ndilo swali lenyewe.

Kuhusu simu zenyewe ningeweza kuandika kurasa. Zamani tulibisha hodi. Ukiwa mlangoni unaona sufuria, unaona cherehani pembeni, unasema "mama, na hii cherehani?" na kazi iliyosahaulika inatokea. Kwenye simu huoni cherehani. Namba zetu zilitoka kwenye kaya zilizohojiwa miaka ya nyuma, na Nairobi mtu habaki na laini moja wala nyumba moja muda mrefu hivyo. Nyingine zilikuwa zimezimwa, nyingine zimepata mwenyewe mpya. Walioshindwa kulipa kodi walihamia kwa ndugu, kaya mbili zikawa moja, na ukiuliza "mko wangapi nyumbani?" mtu anahesabu kwa sauti kisha anaanza upya. Simu ya nyumba ikiwa moja, hushikwa na baba, na yeye ndiye anayekwambia mkewe anafanya nini. Mara nyingi alisema "hafanyi kitu." Tulijifunza kusema kwa upole, "Naomba nimsalimie mwenyewe", na mwenyewe akija tunasikia anapika maandazi ya kuuza kila alfajiri.

Watu walituogopa pia. Nairobi imeumwa na matapeli wa simu kiasi kwamba sauti ya adabu inayojua jina lako ni dalili mbaya. Tulipata nafuu tulipoanza kuwaambia wamuulize mzee wa nyumba kumi au chifu, ambao walikuwa wamearifiwa, kisha tupige tena kesho. Muda ulikuwa na uzito wake. Asubuhi tuliwapata waliokosa kazi. Waliokuwa nazo walipatikana baada ya saa moja jioni, kafyu ikishawarudisha wote ndani. Msimamizi ambaye angepiga simu asubuhi pekee angeleta Nairobi iliyokufa kabisa.

Mwisho, wale tusiowapata hujaziliwa nafasi kwa uzani. Kila aliyejibu husimama badala ya mamia au maelfu wanaofanana naye kwa umri, jinsia na mahali, kufuatana na sensa ya 2019 iliyohesabu Wakenya milioni 47.6. Hesabu hiyo ni halali. Lakini aliyeuza simu yake ili anunue unga hafanani na jirani yake mwenye simu, hata wakiwa na umri mmoja na ukuta mmoja, na hakuna uzani unaolijua hilo.

Shirika la Taifa la Takwimu la Kenya, KNBS, lilipotoa ripoti ya nguvu kazi ya robo ya pili ya 2020, ukosefu wa ajira ulikuwa asilimia 10.4, mara mbili ya 5.2 ya robo ya kwanza. Walioajiriwa walikuwa wamepungua kwa takribani watu milioni 1.7 ndani ya miezi mitatu. Shemeji yangu, ambaye duka lake la nguo pale Eastleigh lilifungwa Mei mtaa ulipozuiwa, alinipigia kwa hasira. "Asilimia kumi? Huku kwetu ni watu wangapi wanaofanya kazi? Niambie mmoja." Sikumlaumu. Nilimwomba asome jedwali la waliotoka kwenye nguvu kazi, na la saa. Alisoma, akanipigia tena usiku, safari hii kwa sauti ya chini. Aliniuliza yeye yuko safu gani.

Mwaka uliofuata ripoti ya hali ya uchumi ikasema ajira zilizopotea 2020 zilikuwa kama 737,500, jumla ikishuka kutoka milioni 18.1 hadi 17.4, na watu wakasema serikali imeificha ile milioni nyingine. Haikuwa hivyo. Ripoti hiyo haihesabu wakulima wadogo na wafugaji, na inalinganisha mwaka na mwaka. Ile ya robo inawahesabu hao pia, na ilipiga picha katika miezi mibaya kuliko yote. Kufikia robo ya tatu, ukosefu wa ajira ulikuwa umeshuka hadi 7.2. Zote ni za kweli, lakini ofisi inayozitoa bila kueleza tofauti hiyo katika ukurasa wa kwanza, kwa lugha ambayo shemeji yangu anaielewa, imemaliza nusu tu ya kazi yake. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimekaa kwenye mikutano ambako maelezo yaliondolewa ili ukurasa upendeze.

Nilimpigia tena mama wa Mukuru katika duru iliyofuata. Kafyu ilikuwa imesogezwa hadi saa tatu usiku, na alikuwa pale pale kona. Niliposoma swali la kwanza alicheka kidogo.

"Wewe ni yule wa saa moja."

"Ndiye mimi, mama."

"Wiki hii nimefua nyumba mbili. Andika saa tisa. Hapana, kumi, niliongezwa mapazia."

Niliandika kumi. Swali lililofuata lilikuwa kama angependa kufanya kazi saa zaidi kama zingepatikana, na ngapi. Nililisoma taratibu, kwa sababu lilikuwa ndilo swali nililotamani kumwuliza tangu ile simu ya kwanza. Alivuta pumzi ajibu, kisha nikasikia breki, na sauti za wanawake wengi kwa pamoja.

"Ngoja, gari limesimama," akasema, na simu ikakatika.

Nilisubiri mpaka saa kumi na mbili jioni ndipo nikapiga. Haikupokelewa. Nilipiga siku mbili zilizofuata, asubuhi na jioni, kama utaratibu unavyotaka, kisha nikafunga rekodi: mahojiano hayajakamilika.